Mashini ibaki mjini, kiolezo kije mlimani

Tisheti zenye vijiwe vya kung'aa zimeingia kwenye ndoa, kwenye kwaya na kwenye maandamano ya tarehe 1 Mei. Pesa yake inashuka mjini kila mara. Hapa tunaeleza kazi hiyo inavyofanyika, na sehemu gani familia ya mchimbaji wa Minembwe, Misisi ao Lubichako inaweza kushika yenyewe, bila umeme mkubwa.



Mtu wa sendika akiandika, munangojea habari ya mashimo, ya mizani ao ya bei ya gramu. Leo naandika juu ya tisheti, ile wengi wetu tunaita mupira. Musishangae. Mutaona mbele kwamba ni habari ile ile.

Shimo likitoa, pesa ya kwanza inaenda kwenye chakula na deni. Pesa ya pili inaenda kwenye nguo. Marafiki wa bwana arusi wanataka tisheti za namna moja, zenye majina mawili kifuani. Vijana wa timu wanataka namba mugongoni. Kooperative nayo inataka jina lake lionekane: tangu sheria ya madini ya 2002 ilipobadilishwa mwaka 2018, mchimbaji mdogo anapaswa kuwa ndani ya kooperative, na kila kooperative inapenda kujitofautisha na jirani yake. Hata kwenye msiba, shimo likianguka juu ya ndugu yetu, jamaa wanavaa tisheti yenye jina lake. Yote hayo tunatuma kufanyiza mjini, halafu tunalipa usafiri, tunangojea, tunapokea yenye makosa ya jina, na hakuna wa kuirudisha.

KIJIWE NI KIOO TU

Vile vijiwe Wafaransa wanaita strass, kwetu tuseme strasi. Si almasi, si dhahabu, si fedha. Ni kioo kilichochongwa, na nyuma yake kumepakwa rangi ya fedha ili mwanga urudi. Vya bei ndogo sana ni plastiki.

Jina linatoka kwa mtu: Georg Friedrich Strass, aliyezaliwa mwaka 1701 upande wa Strasbourg, akafanya kazi ya vito Paris. Alijulikana kwa kutengeneza kioo kinachong'aa kama almasi. Mwingine ni Daniel Swarovski, ambaye mwaka 1892 aliandikisha mashini ya kuchonga vijiwe hivyo, na mwaka 1895 akafungua kiwanda Wattens, Austria. Mbele ya hapo kijiwe kilichongwa kwa mkono, kimoja kimoja. Tangu mashini ile, vikawa vingi na bei ikashuka mpaka vikafika kwenye nguo za watu wa kawaida.

Mchimbaji anapaswa kufikiri juu ya neno hili. Sisi tunatoa ndani ya udongo jiwe lenye bei kubwa, tunaliuza likiwa bichi, na faida ya kulifanyia kazi inabaki kwa wengine. Hawa wenzetu walichukua mchanga wa kioo, usio na bei, wakauuza kwa kazi ya mikono juu yake. Ndani ya tisheti ya strasi, kinacholipiwa si kijiwe. Kinacholipiwa ni mpango.

KIOLEZO NI KITU GANI

Kupanga vijiwe mia tatu kwa kidole na gundi kunachukua siku nzima, na mstari unapinda. Kiolezo kinaondoa shida hiyo. Ni karatasi nene ya plastiki yenye matundu madogo, kila tundu na nafasi yake, na matundu yote pamoja yanaandika jina ao yanachora picha. Unamwaga vijiwe juu, unapitisha brashi laini, vinaanguka kila kimoja ndani ya tundu lake. Unavinyanyua vyote mara moja na karatasi yenye gundi, unapeleka juu ya tisheti, unapiga pasi. Kazi ya siku inakuwa kazi ya dakika chache.

Neno kubwa la makala hii ni hili: mashini ya kukata inahitajika mara moja tu. Kikiisha kukatwa, kiolezo kinatumika tena na tena, kwa tisheti hamsini ao mia mbili, na hakiombi umeme. Kina uzito wa daftari. Miaka hii watu wa milima yetu wamehama mara mingi, na anayehama hawezi kubeba mashini. Kiolezo kinaingia kati ya nguo za mtoto ndani ya mfuko. Kwa hiyo usikope pesa ya kununua mashini. Lipia kukata, beba kiolezo.

KAZI YA MJINI: KUCHORA NA KUKATA

Hata kama hutakata wewe mwenyewe, ujue kazi ili usidanganywe.

Fundi anachora kwanza ndani ya kompyuta. Programu kama Inkscape ni ya bure na inatosha. Herufi inageuzwa kuwa mstari wa viduara. Halafu mashini ya kukata vinili, ile wanaita plota, inasoma mchoro na kisu chake kidogo kinakata kila kiduara. Mashini ndogo ya mezani haili hata wati 100, kwa hiyo inaweza kutembea na sola na betri nzuri.

Uliza mambo mane.

La kwanza ni kipimo cha kijiwe. Vipimo vinaandikwa SS na namba. SS6 ni milimita 2 hivi. SS10 ni karibu 2,8. SS16 ni karibu 4. SS20 inakaribia 5. Kwa majina kifuani, SS10 inatosha. Kwa namba za mugongoni, SS16 inaonekana kutoka mbali. Kiolezo cha SS10 hakiwezi kutumika na SS16, kwa hiyo chagua kimoja na ukikamate.

La pili ni ukubwa wa tundu. Tundu linapaswa kuzidi kijiwe kidogo, karibu nusu milimita. Likibana, kijiwe hakiingii ao hakitoki. Likizidi sana, vinaingia viwili ao kimoja kinalala upande. Kati ya tundu na tundu lazima kubaki ukuta mdogo, bila hivyo plastiki inapasuka siku ya tatu.

La tatu ni plastiki yenyewe. Vinili nyembamba ya kubandika juu ya magari haifai peke yake: haina kina, brashi inafukuza vijiwe. Inatakiwa ile nene, yenye manyoya mafupi juu kama veluri, ambayo vijiwe vinateleza juu yake vizuri. Lakini isizidi kimo cha kijiwe. Kichwa cha kijiwe kisipochomoza, karatasi ya gundi haitakishika.

La ine ni majaribio. Fundi mzuri anakata matundu matano kwanza, anatia vijiwe, anaangalia. Anayekata kiolezo kizima bila kujaribu anajaribu kwa pesa yako.

Wakati wa kuvua plastiki iliyokatwa, viduara vinabaki chini na sehemu yenye matundu inatoka. Ibandike mara moja juu ya kibao laini ao karatasi ngumu. Kibao hicho njo sakafu ya vijiwe.

KAZI YA NYUMBANI: BRASHI NA PASI

Nunua vijiwe vyenye gundi kavu nyuma, ile inayoyeyuka kwa moto. Vinauzwa kwa grosi, na grosi moja ni vijiwe 144.

Weka kiolezo ndani ya sinia. Mwaga vijiwe. Pitisha brashi laini kwa mzunguko, bila kusukuma kwa nguvu. Vingi vitakaa vyenyewe, uso juu na gundi chini. Vile vilivyopinduka, vigeuze kwa pini. Vilivyozidi vinabaki ndani ya sinia, hakuna kinachopotea.

Bandika karatasi ya gundi juu, piga polepole na kiganja, nyanyua. Karatasi hiyo iwe ile ya kazi hii, inayovumilia moto. Skochi ya kawaida itayeyuka juu ya nguo na kazi yote itaharibika.

Sasa tisheti. Huku Minembwe, juu ya mita 2000, nguo inashika unyevu wa ukungu hata kama inaonekana kavu. Ipige pasi tupu kwanza mpaka mvuke utoke. Bila hivyo gundi inashika maji, haishiki uzi. Pamba ni nzuri kuliko zote. Jezi za poliesta zinaogopa moto, zijaribu pembeni. Masweta ya akriliki, yale tunayovaa juu ya baridi, yaache kabisa, yanayeyuka.

Mjini wanatumia mashini ya moto inayokula wati 1000 na zaidi. Sola ya nyumbani haiwezi. Lakini gundi haijui moto unatoka wapi. Kwa kawaida inataka nyuzi 160 mpaka 170, kwa sekunde 15 hivi, soma pakiti. Pasi ya makaa inafika huko bila shida, lakini haina kipimo. Ijaribu juu ya kitambaa cheupe cha pamba: ikiacha alama ya rangi ya chai, ngoja ipoe kidogo. Weka meza ngumu chini, kitambaa chembamba juu, na ukandamize kwa uzito wa mwili bila kuteleza. Ukiteleza kama unanyoosha shati, mstari unapinda. Nyanyua, sogea, kandamiza tena. Mwisho geuza tisheti ndani nje, ukandamize upande wa nyuma. Acha ipoe kabisa mbele ya kuvua karatasi. Halafu pitisha kucha: kijiwe kikitoka, rudisha karatasi na pasi.

Mwambie mununuzi asifue siku mbili za kwanza. Kisha afue ndani nje, na maji baridi, bila kusugua juu ya jiwe.

HERUFI MBELE YA PICHA

Wengi wanaenda mjini kukatisha taji, moyo ao njiwa. Vinapendeza, lakini mara mbili tatu watu wamechoka navyo. Ushauri wangu: kiolezo cha kwanza kiwe herufi, A mpaka Z, na namba 0 mpaka 9, kila moja kwenye kipande chake, zote kimo kimoja. Ukiwa nazo unaandika jina lolote bila kurudi mjini. Unazipanga juu ya kibao kwa rula, unapiga brashi mara moja, unanyanyua jina zima.

Kata zaidi ya moja kwa herufi zinazorudi sana: A, E, I, U, na pia M, N, K na B. Neno MINEMBWE peke yake linataka M mbili na E mbili. Na herufi hizo zinaandika Kibembe, Kinyamulenge, Kifuliru, Kishi na Kiswahili, hazimubagui mutu.

KAMA PLOTA HAIKO

Fundi viatu ana koleo la kutoboa mikanda, lenye midomo ya kuzunguka, mara mingi kutoka milimita 2 mpaka 4,5. Kwa kijiwe SS16, mdomo wa 4,5 unafaa. Chora herufi juu ya plastiki laini yenye unene wa milimita moja hivi, weka nukta kila milimita 6, toboa, kisha bandika juu ya kibao. Koleo halifiki katikati ya karatasi kubwa, lakini kwa herufi moja moja linafika. Kiolezo hicho si safi kama cha mashini. Kwa kuanza na kujifunza kinatosha, na hakiombi dola ya kuvuka barabara ya Baraka.

TUHESABU PAMOJA

Andika MINEMBWE kwa herufi za sentimita 5, SS10, umbali wa milimita 4 toka katikati ya kijiwe mpaka katikati ya kingine. Herufi I inakula vijiwe 13. M inakula karibu 41. Neno zima linakula karibu 290, yaani grosi mbili hivi. Kwa tisheti hamsini ni vijiwe 14500, grosi 101. Mwenyi kukuuzia akikwambia unahitaji grosi 200, muombe akuhesabie mbele yako.

Sasa pesa. Hizi namba ni mfano, weka bei ya soko lako. Tuseme tisheti tupu ni dola 4, vijiwe dola 2, karatasi ya gundi na makaa dola 1: jumla 7. Kukata kiolezo ni dola 20. Tengeneza 53 ili kuuza 50, maana tatu zitaharibika. Matumizi ni 371 na 20, jumla 391. Ukiuza 50 kwa dola 11 unapata 550. Zinabaki dola 159.

Angalia kiolezo: kwenye tisheti hamsini kimekula senti 40 kwa kila moja. Ukitumia kile kile kwa tisheti mia mbili, kinakula senti 10. Hiyo njo sababu ya kukikamata.

NANI MWENYI KIOLEZO?

Hapa narudi kwenye kazi yangu ya sendika.

Kikundi chetu kilituma kufanyiza tisheti za 1 Mei kwenye duka moja. Tulilipa tisheti, tulilipa na «kazi ya mchoro». Mwaka uliofuata tulitaka ishirini tu za kuongeza. Tukalipishwa mchoro tena, jina lile lile, herufi zile zile. Tulipoomba kiolezo, jibu likawa: kiolezo ni cha duka.

Ndugu, munajua hadithi hii. PDG wa shimo anatoa chakula na vyombo, halafu anahesabu deni anavyotaka. Negosia anakuja na mizani yake, na gramu inakuwa ndogo mkononi mwake. Mwenyi kushika chombo njo anaweka bei, hata kama jasho ni la mwingine. Chombo kikikaa mjini, hata jina la kijiji chetu tutalinunua kila mwaka.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, weka mambo matatu kwa karatasi. Moja: bei ya kukata iandikwe peke yake, mbali na bei ya tisheti. Mbili: kiolezo ni cha aliyelipa, kinatoka pamoja na mzigo. Tatu: faili ya mchoro unaipata ndani ya flashi ao telefone yako, ili kiolezo kikichakaa ukatishe kwingine. Duka likikataa, nenda linalofuata. Wote wana kisu kimoja.

Na mtu akikupa mashini kwa deni, ulipe kidogo kidogo kwa tisheti, fikiri mara mbili. Uliza: nikiugua mwezi mmoja, ao barabara ikifungwa, deni linasimama ao linakua? Jibu lisipoandikwa, linakua.

AFYA YA NYUMBA

Tumezika watu juu ya hewa mbaya ya mashimo. Tusiilete nyumbani. Pasi ya makaa itumike pahali penye mlango na dirisha wazi. Moshi usioonekana wa makaa unaua mutu ndani ya nyumba iliyofungwa, kama unavyoua ndani ya shimo.

Mabaki ya vinili usiyatupe ndani ya moto. Vinili mingi ina klorini, na moshi wake unachoma macho na mapafu. Wanaochoma zebaki jikoni juu ya dhahabu wameisha kusikia onyo kama hilo.

Vijiwe vingine vya kioo vina risasi ndani, ile ya madini, si ya bunduki. Kuvivaa juu ya nguo si shida, lakini mtoto asivitie mdomoni. Kwa mtoto mdogo, usitie strasi karibu na shingo ao mikono ya nguo anayoitafuna. Osha mikono baada ya kazi, mbele ya kugusa chakula.

TUANZE WAPI

Kazi hii haitamtoa kila mchimbaji shimoni. Soko la tisheti ni dogo, na wote wakiingia siku moja bei itaanguka. Lakini kila centre ya madini ina ndoa zake, kwaya zake, timu zake. Wamama wa likelemba moja, ao AVEC moja, wanaweza kuweka pamoja pesa ya seti moja ya herufi, grosi chache na karatasi ya gundi. Mmoja apange, mmoja apige pasi, mmoja ashike daftari. Seti ikae kwa kikundi, na jina la kikundi liandikwe nyuma ya kibao. Wakigawana faida, wagawane mbele ya daftari lililofunguliwa, wote wakiona.

Kooperative na kamati za sendika, ninyi pia muna sehemu. Tarehe 1 Mei haiko mbali kamwe. Mbele ya kutuma pesa mjini, muulize kwanza ndani ya kambi: ni nani huku ana herufi?